Kompyuta zetu hazijachoka, zimebebeshwa mizigo isiyo yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme jambo ambalo kwa muda mrefu nimelisikia likinung'unikiwa katika ofisi, steshenari na shule za huku Kusini, lakini sijaliona likiandikwa gazetini kwa urefu unaolistahili. Jambo lenyewe ni kompyuta za mezani ambazo huchukua dakika nyingi tangu zinapowashwa mpaka zikubali kazi, na ambazo kwa sababu hiyo tu huhukumiwa kuwa zimechoka, zikafunikwa kitambaa kwenye kona au zikauzwa kwa bei ya kutupa, ilhali mara nyingi kosa si la mashine bali ni la programu zinazojiwasha zenyewe bila mtu yeyote kuzihitaji wala kuziita.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho katika wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara. Sikusomea kompyuta darasani; nilijifunza nikiwa kazini, baada ya daftari kubwa la mkono kuonekana halitoshi, na ninachokiandika hapa nimekipata kwa kuhangaika nacho na kwa kuwauliza wanaojua kuliko mimi.

Msimu uliopita, asubuhi moja ya mwezi Novemba, wakulima walikuwa wamejipanga nje ya ghala tangu alfajiri, wengine wakiwa wamelala hapo hapo na magunia yao, kwa sababu lori la kwenda ghala kuu lilitarajiwa saa sita mchana na kila mmoja alitaka korosho zake zipimwe, ziandikwe daraja na kilo, na ziingie katika mzigo wa siku hiyo. Umeme ulikatika saa mbili na nusu, ukarudi baada ya robo saa, ukakatika tena ilipokaribia saa nne. Mara zote mbili mizani ilikuwa tayari papo hapo, vijana wa kubeba walikuwa tayari, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kioo nikitazama kiduara kikizunguka. Nilipima kwa saa ya ukutani: dakika tisa tangu nilipobonyeza kitufe cha kuwashia hadi jedwali la mapokezi lilipokubali kufunguka. Mzee mmoja mwenye magunia manne aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mbona mashine yenu inaamka kama mtu aliyetoka kuugua?" Nikamjibu, "Tuvumilie kidogo, mzee wangu, imechoka."

Neno hilo, "imechoka", nililipata kwa fundi. Alikuwa amekuja wiki chache kabla, akaiwasha, akasubiri dakika mbili, akatikisa kichwa na kusema kwamba muda wake umekwisha, kwa hiyo ama tununue nyingine ama tumlipe apige Windows upya. Bodi ya chama ikaanza kutafuta fungu. Kwa asiyejua, fedha za chama cha msingi hazitoki mbali. Ni makato ya shilingi chache chache katika kila kilo ambayo mkulima amepalilia mkorosho wake, akaupulizia dawa, akaokota korosho na kuzibeba hadi ghalani. Kununua kompyuta isiyohitajika ni kumkata mkulima kwa kitu ambacho hakikuwa na sababu ya kununuliwa, na hilo ndilo linalonifanya nisiweze kulinyamazia jambo hili.

Aliyetuzuia kununua ni mwalimu kijana wa sekondari ya kata, ambaye alikuja siku moja kuomba achape mtihani. Alisubiri pamoja nami mashine iwake, kisha akauliza, "Samahani mama, umewahi kuangalia ni programu ngapi zinajiwasha humu?" Sikuwahi. Sikujua hata kama kuna mahali pa kuangalia. Alishika vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, likafunguka dirisha linaloitwa Task Manager, akabofya palipoandikwa Startup, na hapo nikaiona orodha ya majina kumi na saba. Kulikuwa na programu ya kupigiana simu za video ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitumia pale ofisini, programu ya muziki, programu ya printa tuliyoiacha miaka mitatu iliyopita, antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda, vitu viwili vya kukagua matoleo mapya ya programu moja ya kusomea nyaraka, na programu ya kupakulia filamu ambayo mpaka leo hakuna aliyekiri kuiweka. Zote hizo zilikuwa zikiamka kila asubuhi kabla ya jedwali langu la korosho, na kila moja ilidai ihudumiwe kwanza.

Tulizizuia kumi na tatu, tukaacha nne, tukazima mashine na kuiwasha tena. Haikufika dakika tatu. Hatukununua kifaa chochote na hatukufuta faili hata moja.

Naomba nieleze kinachotokea ndani, kwa sababu mtu akielewa chanzo hatahitaji kukariri hatua. Unapowasha kompyuta yenye Windows na kuingia kwa jina lako, mfumo huzunguka mahali kadhaa ukiuliza nani anatakiwa kuamshwa. Huangalia folda inayoitwa Startup, ambayo kitu chochote kikiwekwa ndani yake hufunguliwa chenyewe. Huangalia katika rejista yake, yaani daftari kuu la mipangilio, kwenye sehemu iitwayo Run, ambayo ipo mara mbili: moja ya mtumiaji aliyeingia na nyingine ya watumiaji wote wa mashine ile. Huangalia ratiba ya kazi zilizopangwa zifanyike saa fulani au tukio fulani linapotokea. Na kabla hata hujaandika nywila, huwa umekwisha kuamsha huduma za chinichini ambazo hazina dirisha la kuonekana. Programu inapowekwa katika kompyuta hupata nafasi ya kuliandika jina lake katika mojawapo ya mahali hapo, na nyingi hufanya hivyo bila kuuliza, au huuliza kwa kisanduku kidogo ambacho tayari kimetiwa alama ya kukubali, nasi tunabonyeza Next, Next, Next kwa sababu tuna haraka.

Sasa, kompyuta nyingi za mezani zilizoko huku kwetu zimenunuliwa zikiwa zimetumika, zina memori ya GB 4 na zina diski ya aina ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski hiyo husomwa na kichwa kinachokwenda na kurudi juu ya sahani, na vitu vilivyotawanyika kikiviendea kimoja kimoja, idadi ya safari kinazoweza kufanya kwa sekunde haizidi sana mia moja. Ni sawa na ghala lenye mlango mmoja na mizani moja. Wakulima kumi wakija kwa zamu, kazi huenda vizuri. Wakifika wote kumi na saba kwa mara moja na kila mmoja akasukuma gunia lake mlangoni, hata yule mwenye kilo ishirini atakaa mpaka jioni. Memori nayo ikijaa, Windows huanza kuhamishia baadhi ya vitu kwenye diski ile ile iliyokwisha kulemewa, na hapo ndipo unaposikia mashine ikikwaruza kwa ndani huku kioo kimeganda. Kompyuta yenye diski ya SSD, ambayo haina sahani wala kichwa, husoma maelfu ya vipande kwa sekunde, ndiyo maana wenye mashine mpya hawalioni tatizo hili, ingawa programu zinazojiwasha kwao ni nyingi kuliko zetu.

Ndugu Mhariri, kuna jambo ambalo maelekezo mengi ya kompyuta hayalisemi, nadhani kwa sababu huandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Mtu mwenye kompyuta mpakato na umeme wa uhakika anaweza kukaa wiki mbili bila kuiwasha upya. Akimaliza kazi hufunika kifuniko, na asubuhi akifunua hukuta kila kitu kama alivyokiacha. Kwake, mzigo wa kuwasha hulipwa mara mbili kwa mwezi. Kompyuta ya mezani haina betri. Hapa kwetu, mahali ambapo umeme unaweza kukatika mara tatu kwa siku moja, mzigo ule ule hulipwa mara tatu kwa siku, na dakika tisa zikizidishwa kwa tatu ni karibu nusu saa ya foleni iliyosimama. Sisemi haya ili kumlaumu mtu. Barua hii si ya umeme. Nasema kwamba programu inayojiwasha bila kuitwa, ambayo kwingine ni kero ndogo, kwetu ni hasara inayojirudia.

Tena kuna jambo la pili linaloongeza ubaya. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, mfumo una mbinu ya kuharakisha kuwaka: unapoizima mashine kwa utaratibu, huhifadhi sehemu ya kiini chake kwenye diski ili safari ijayo usianze kukijenga upya. Mbinu hiyo hufanya kazi pale tu mashine inapozimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, hakuna kilichohifadhiwa, na mashine hulazimika kuanza mwanzo kabisa, pengine ikague diski kwanza, ndipo jeshi lile la programu liamke juu yake. Kwa hiyo sisi tunaohitaji mashine iwake haraka zaidi ndio tunaoikosa hata ile nafuu iliyokusudiwa.

Halafu lipo suala la bando. Ofisi nyingi za vyama vya msingi, na steshenari nyingi za mitaani, hazina intaneti ya waya. Mtu huwasha simu yake, akaifanya iwe chanzo cha waifai, na kompyuta ikajiunga. Programu zinazojiwasha, kitu cha kwanza zinachofanya baada ya kuamka ni kuuliza nyumbani kwao kama kuna toleo jipya, na zikiambiwa lipo, baadhi yao huanza kulipakua hapo hapo. Mara nyingi Windows haijui kwamba waifai ile ni simu ya karani yenye bando la siku moja. Huichukulia kama mtandao wa kawaida mpaka uiambie. Niliwahi kuweka bando asubuhi kwa ajili ya kutuma orodha ya malipo, na kabla sijaifungua barua pepe simu ikaniletea ujumbe kwamba bando limekwisha. Siku hiyo nilimlaumu mtoto wangu kwamba ametazama video. Hakuwa amegusa simu, na nilimwomba radhi baadaye nilipojua.

Dawa ya hilo ni kuingia katika mipangilio ya Windows 10 au 11, sehemu ya mtandao, ukafungua sifa za waifai unayotumia na kuwasha palipoandikwa Metered connection, yaani kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Windows itaahirisha sehemu kubwa ya vipakuliwa vyake, na OneDrive, programu ya Microsoft ya kuhifadhi faili mtandaoni, inaweza kusimamisha kazi yake kwa muda. Lakini programu za makampuni mengine hazilazimiki kulitii agizo hilo, kwa hiyo bado njia ya uhakika ni kuzizuia zisiamke.

Kuzizuia si kazi ya fundi pekee. Kwenye Windows 8, 10 na 11, bonyeza vitufe vile vitatu nilivyovitaja. Dirisha likifunguka likiwa dogo, bofya More details chini yake, kisha Startup, ambayo kwenye matoleo mapya ya Windows 11 imeandikwa Startup apps. Mbele ya kila jina kuna safu inayosema programu hiyo inalemea uwashaji kwa kiasi gani. Neno High halikuwekwa kwa kukisia: maana yake ni kwamba programu imetumia zaidi ya sekunde moja ya muda wa prosesa au imesoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuamka. Anza na hizo. Bofya jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Disable, basi. Kwenye Windows 7, ambayo bado naiona katika baadhi ya steshenari za Masasi na Newala, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika msconfig, fungua Startup na uondoe alama za tiki.

Nasisitiza jambo moja kwa sababu ndilo lililowatia hofu wenzangu wengi niliowaonyesha: kuzuia si kufuta. Programu inabaki mahali pake na hufunguka utakapoibofya mwenyewe. Kilichoondolewa ni ruhusa yake ya kujiamsha. Ukigundua umekosea, rudi pale pale na uchague Enable. Katibu wa chama jirani alizuia kila kitu kwa furaha, kesho yake kompyuta ikawa haitoi sauti. Tulirudisha jina moja la programu ya sauti na mambo yakatengemaa, bila kuita fundi.

Vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti, vina tabia yao ya pekee. Chrome, hata ukishaifunga, inaweza kuendelea kuishi chinichini mpaka uingie katika mipangilio yake, sehemu ya System, ukazima ruhusa ya kuendesha programu za nyuma baada ya kivinjari kufungwa. Edge nayo ina kitu kinachoitwa Startup boost kinachoiamsha mapema ili ionekane nyepesi utakapoifungua, na mtu asiyeitumia hana sababu ya kuigharimia. Vilevile, baadhi ya programu hujirudisha kwenye orodha zinapopata toleo jipya. Mimi nimejiwekea desturi ya kuikagua orodha mwanzo wa kila mwezi, siku ile ile ninayofunga hesabu.

Sasa tahadhari, maana sitaki mtu aniambie kesho kwamba barua yangu imemharibia mashine. Usizuie alama ya Windows Security wala antivairasi unayoitumia kweli. Usizuie programu za sauti, za kadi ya picha, wala za kifaa ambacho kazi yako inakitegemea. Wakala wa kusajili laini, kwa mfano, asiguse programu ya kisoma alama za vidole bila kumuuliza aliyeiweka. Huduma za chinichini ni eneo la kuingia kwa woga: ukilazimika kuzikagua ndani ya msconfig, tia kwanza tiki kwenye kisanduku cha kuficha huduma zote za Microsoft, ili zibaki za wengine tu mbele ya macho yako. Na rejista usiiguse kabisa kama huna mtu mwenye ujuzi kando yako.

Orodha hii ina faida nyingine ambayo naiona kubwa kuliko hata kasi. Kirusi kikiingia katika kompyuta hakitaki kufa mashine inapozimwa, kwa hiyo nacho huenda kuandika jina lake mahali pale pale panapoandikwa wengine. Wengi wetu tunakumbuka enzi ambapo kuchomeka flashi tu kulitosha kuwasha kirusi kilichojificha ndani yake. Microsoft waliifunga njia hiyo katika Windows 7, na mwezi Februari 2011 wakasambaza marekebisho yaliyoifunga katika matoleo ya nyuma pia. Njia ya orodha ya uwashaji, hata hivyo, ipo mpaka leo. Ukiona jina usilolielewa, lisilo na jina la kampuni iliyolitengeneza, libofye kwa kitufe cha kulia na uchague Open file location. Likikupeleka kwenye folda ya vitu vya muda, yenye jina Temp, usilichukulie kwa wepesi. Mafundi wanaotaka kuona kila kona wanayo Autoruns, programu ya bure iliyotungwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell wa Sysinternals, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2006. Yenyewe huonyesha mahali pote pa kujiamshia, na hupaka rangi ya manjano mistari ambayo faili zake hazipo tena na rangi ya waridi ile isiyo na saini ya mtengenezaji. Fundi anayekuja na flashi yenye Autoruns, akakaa nusu saa akisoma orodha, namthamini kuliko anayekuja na flashi ya kupiga Windows upya, kwa sababu kupiga upya huondoa wavamizi pamoja na kumbukumbu za msimu mzima kama hazikuhifadhiwa kwingine.

Nitakuwa sikusema kweli kama nitadai kwamba kuzizuia programu hizi ni tiba ya kila ugonjwa. Windows 10, ambayo ndiyo imejaa katika ofisi zetu, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, yaani Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida, na mashine nyingi tulizonazo haziwezi kuhamia Windows 11 kwa sababu hazina prosesa mpya ya kutosha wala kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Mashine kama hiyo, hata iwe nyepesi kama unyoya, ina tatizo la usalama ambalo orodha ya uwashaji haiwezi kulitatua, na chama kinapaswa kulipangia bajeti yake kwa utulivu. Lakini ni tatizo jingine. Linapochanganywa na uzito wa kuwaka, mwenye duka hupata hoja ya kuuza na mnunuzi hukosa hoja ya kuuliza. Na pale ambapo diski yenyewe ndiyo kikwazo, kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD ndogo ni gharama ya sehemu tu ya bei ya kompyuta nzima.

Kwa hayo nina maombi. Wauzaji wa kompyuta zilizotumika, wawe wa Kariakoo au wa hapa Mtwara mjini, wamfungulie mnunuzi orodha hii kabla hajalipa, kama vile muuzaji wa pikipiki anavyoiwasha injini mteja akisikia. Walimu wa TEHAMA katika sekondari zetu na katika vyuo vya VETA vya Mtwara na Lindi wampe mwanafunzi somo hili katika wiki ya kwanza, kabla ya kumfundisha kupamba maandishi kwa rangi, maana mwanafunzi huyo ndiye atakayeulizwa na mjomba wake kwa nini mashine ya duka ni nzito. Halmashauri zinazoandika kompyuta katika daftari la vifaa chakavu zitake fundi aandike pia, kwa mkono wake, kwamba orodha ya uwashaji ilikaguliwa na mashine ikapimwa kabla na baada. Nao wanaotafsiri programu kwa Kiswahili, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki tangu enzi za Jambo OpenOffice mwaka 2004, wayatazame kwa jicho la pekee maneno ya kurasa hizi, kwa kuwa nimeshuhudia watu wazima wenye akili timamu wakiogopa kubofya Disable kwa sababu tu hawakujua neno hilo linataka kufanya nini.

Kwako, Ndugu Mhariri, ninaomba jambo dogo. Pamoja na barua hii nimeambatanisha karatasi moja niliyoandika hatua hizo kwa mkono, kuanzia vile vitufe vitatu hadi ukaguzi wa mwezi, bila maelezo marefu. Kama nafasi itapatikana, ichapwe kabla ya Oktoba, msimu unapofunguliwa, na kwa herufi kubwa, ili makarani wenzangu wa Tandahimba, Newala, Nachingwea na Ruangwa waikate na kuibandika ukutani juu ya mashine, mahali ambapo hata umeme ukiwa umekatika bado itasomeka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani wa chama cha msingi,
Tandahimba, Mtwara